Nani alikuwa na mamlaka ya kusimamisha kreni? Uchambuzi wa ajali ya Miller Park, 1999

Jumatano ya tarehe 14 Julai 1999, saa 11:12 jioni, kreni iliyofahamika kwa jina la Big Blue ilianguka kwenye ujenzi wa uwanja wa besiboli wa Miller Park, mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ilikuwa imebeba kipande cha paa chenye uzito wa zaidi ya tani 450 za Kimarekani, yaani zaidi ya kilo laki nne. Mafundi vyuma watatu walikuwa wametangulia juu. Walisimama ndani ya kikapu cha watu kilichoning'inizwa na kreni nyingine, wakisubiri kipande hicho kifike ili wakifunge kwa bolti. Big Blue ilipolala iliiparamia kreni iliyowashikilia, na kikapu kikaenda nayo chini. Wote watatu walikufa.

Ajali za kreni ni nyingi, na nyingi hazifiki hata gazetini. Hii naichambua kwa sababu mbili. Kwanza, ilipigwa picha ya video kuanzia kreni ikiwa wima hadi ikawa chuma chakavu: mkaguzi wa OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, alikuwepo saiti akirekodi kazi. Pili, kesi yake ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo, na njiani wanasheria walilazimika kujibu swali ambalo saiti nyingi hulikwepa: mzigo ukiwa hewani na hali ikibadilika, ni nani hasa mwenye wajibu wa kusema tusimame?

Walivyogawana kazi

Uwanja ulikuwa na paa la kufunguka na kujifunga, lenye umbo la kipepeo cha mkononi. Mkandarasi mkuu alikuwa muungano wa kampuni tatu uliofupishwa HCH. Kazi ya paa ilipewa tawi la Marekani la Mitsubishi Heavy Industries. Mitsubishi nayo ikakodi kreni kutoka kampuni ya Lampson, na kazi ya kusimika vyuma ikaipa kampuni ya Danny's Construction. Marehemu wote watatu walikuwa waajiriwa wa Danny's.

Hebu tulitazame hilo kwa utulivu. Anayepanga mzigo unyanyuliwe lini ni kampuni moja. Mwenye mashine na mwenye kujua jedwali la uwezo wake ni kampuni nyingine. Watu wanaopanda kuupokea mzigo wanalipwa na kampuni ya tatu. Juu yao yupo mkandarasi mkuu, na juu ya mkandarasi yupo mwenye uwanja, anayetaka timu yake icheze humo mwaka 2000. Kila kampuni ina msimamizi wake, kila msimamizi ana karatasi zake, na karatasi ya kila mmoja inaonyesha kwamba usalama wa kreni ni jambo zito. Mpangilio huu si wa Marekani peke yake. Nenda kwenye ghorofa lolote refu linalopanda Dar es Salaam au Nairobi utaukuta: kreni ya kukodi, opareta amekuja na kreni, wafungaji mizigo ni wa kibarua, mhandisi ni wa mkandarasi, na fundi anayesubiri nondo ghorofa ya 14 hamjui hata mmoja wao kwa jina.

Uamuzi wa kunyanyua siku ile ulikuwa mikononi mwa upande wa Mitsubishi. Mahakamani ulitolewa ushahidi kwamba wasiwasi kuhusu upepo ulikuwepo saiti kabla ya ajali. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna aliyeona. Watu waliona. Lakini kuona kwao hakukuwa na njia ya kugeuka amri.

Hesabu ya upepo

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila kreni ina jedwali la mizigo. Jedwali hilo linaeleza kwamba bumu, yaani mkono mrefu wa kreni, likiwa na urefu huu, na mzigo ukiwa umbali huu kutoka katikati ya kreni, usizidi uzito huu. Opareta wengi wanalifahamu jedwali lao vizuri, na wengi wanaliheshimu. Kinachosahaulika ni masharti yaliyoandikwa chini yake kwa herufi ndogo: ardhi iwe sawa, mzigo uning'inie wima, na upepo usivuke kiwango fulani. Masharti hayo yakivunjika, namba zote za jedwali zinakosa maana. Tani zilizoandikwa pale ni za kreni iliyosimama sawasawa, kwenye hewa iliyotulia kiasi.

Kwa Big Blue kiwango cha upepo kilikuwa maili 20 kwa saa, takriban kilomita 32. Wakati inaanguka, upepo uliokuwa ukivuma kwa vipindi ulifika maili 26 hadi 27 kwa saa, kama kilomita 43. Mtu akisikia hivyo husema, basi tofauti ni ndogo, ni theluthi moja tu. Nguvu ya upepo haiendi hivyo. Inapanda kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Upepo wa maili 20 kwa saa husukuma ubapa uliosimama kwa nguvu ya karibu kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Ukifika maili 27, zinakuwa karibu kilo 9. Theluthi ya kasi imekaribia kuzaa nguvu maradufu.

Halafu kuna mzigo wenyewe. Kontena la saruji lenye tani 20 na shehena ya mabati yenye tani 20 zina uzito mmoja kwenye mizani, lakini mbele ya upepo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kipande cha paa la uwanja ni kipana. Jahazi hutweka tanga ili likamate upepo. Pale Milwaukee walitweka tanga la chuma juu ya ncha ya kreni ndefu kuliko mita 170. OSHA ilipomaliza uchunguzi, moja ya mambo mazito iliyoyataja lilikuwa hili hasa: athari ya upepo juu ya kile kipande haikuwa imepigiwa hesabu. Walizingatia upepo juu ya kreni, na ule uliokuwa ukiusukuma mzigo haukuwa na namba.

Kwa nini jambo hilo linaua? Kwa sababu bumu limeundwa kubeba uzito unaovuta kwenda chini. Ukilisukuma kwa ubavu unagusa udhaifu wake. Upepo ukiusogeza mzigo pembeni, kamba haining'inii wima tena, na kila kilo inayovuta kwa mshazari inalikunja bumu upande ambao haukujengwa kuhimili. Opareta ndani ya kibanda anaweza asione chochote: kipimo cha uzito kinamwambia mzigo ni uleule, uko ndani ya jedwali, taa ni ya kijani. Baadaye wahandisi walibishana mahakamani juu ya kipande gani cha kreni kilichovunjika kwanza. Mabishano hayo yana nafasi yake, lakini kwa anayesimamia kazi hayabadilishi kitu. Kreni iliyopitishwa mipaka yake itavunjika mahali fulani.

Jambo moja zaidi kuhusu upepo, maana nimeona likikosewa mara nyingi: tunaupima wapi? Vituo vya hali ya hewa hupima upepo mita 10 kutoka ardhini. Kwenye uwanda wa wazi, upepo wa mita 170 juu unaweza kuzidi ule wa chini kwa nusu nzima. Anayepiga simu uwanja wa ndege kuuliza hali ya hewa, au anayetazama bendera getini, anapata habari za mahali ambapo mzigo haupo. Kipima upepo kinakaa kwenye ncha ya bumu, na namba yake lazima imfikie mwenye uamuzi wakati mzigo uko hewani. Kusoma mara moja asubuhi hakutoshi.

Kikapu

Nataka kurudi kwa wale watatu, kwa sababu katika mijadala ya kihandisi wao hupotea haraka.

Kwa nini walikuwa angani tayari? Kwa mpangilio wa kazi ile ilikuwa lazima mtu awepo juu kipande kikifika. Kikapu cha watu kinachoning'inizwa na kreni kinakubalika kisheria Marekani, lakini kama njia ya mwisho tu, pale ngazi, jukwaa au mashine nyingine ya kupandia ingekuwa ya hatari zaidi au haiwezekani. Kanuni za sasa zinasema pia kwamba upepo ukivuka maili 20 kwa saa, mtaalamu aamue kama ni salama kuwanyanyua watu, na kama si salama, kazi isianze, na kama imeanza, ikome.

Lakini swali la kikapu lina upande mwingine ambao kipima upepo hakiujibu. Watu wale walikuwa ndani ya eneo ambalo Big Blue ingeanguka kama ingeanguka. Sote tunafundishwa siku ya kwanza saiti kwamba usipite chini ya mzigo. Kreni inapolala haiangushi mzigo mahali ulipo tu. Bumu lote linafagia urefu wake, na kreni jirani zimo humo humo. Mtu aliye chini anaweza angalau kukimbia. Aliye ndani ya kikapu amefungwa mkanda wa usalama kwenye kikapu chenyewe. Mkanda unaomwokoa asidondoke unamfunga kwenye kitu kinachodondoka. Kama kipande kingepandishwa, kikatulizwa mahali pake, ndipo kikapu kikasogea, watu wasingekuwepo wakati wa hatari kubwa. Huenda kazi ingechukua muda mrefu zaidi. Na muda ndio uliokuwa haba: paa lilikuwa limechelewa nyuma ya ratiba.

Big Blue ilikuwa imeshapandisha vipande vingine salama kabla ya siku ile. Hili nalo ni la kutazamwa. Kila kipande kinachofika juu bila tatizo kinawafundisha watu kwamba utaratibu unafaa, hata kama utaratibu una tundu na siku zile upepo ulikuwa mpole tu.

Mkaguzi alikuwepo, kwa nini hakuzuia?

Watu wakiiona ile video huuliza hivyo kwanza. Marekani, mkaguzi wa OSHA hana uwezo wa kufunga kazi kwa amri yake mwenyewe papo hapo. Kwa hatari ya karibu, mwajiri akikataa, inabidi mamlaka iende mahakama ya shirikisho kuomba zuio. Kenya ni tofauti: chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, afisa anaweza kutoa ilani ya katazo na shughuli ikasimama. Ni mamlaka mazuri. Lakini mkaguzi hawezi kuwa kwenye kila mnyanyuo, na akiwepo hajui mpango wa mzigo kuliko waliouandika. Kuutegemea ukaguzi wa serikali kuwa breki ya kreni ni kuhamisha wajibu kutoka kwa wenye kazi.

Kilichosemwa na mahakama

OSHA ilipendekeza faini kwa kampuni zote tatu, Mitsubishi, Lampson na Danny's, jumla ikizidi dola 500,000. Wajane wa marehemu walikwenda mahakamani. Desemba 2000 baraza la wazee wa mahakama liliibebesha Mitsubishi lawama kubwa kupita wote na kuamuru ilipe zaidi ya dola milioni 99, ambazo milioni 94 kati yake zilikuwa adhabu, si fidia ya hasara. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa iliifuta ile sehemu ya adhabu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Wisconsin ikasema mahakama ya rufaa ilikosea. Mwaka uliofuata pande zilimaliza shauri kwa makubaliano ya dola milioni 57.

Hoja iliyobishaniwa ni ya kufaa kwa kila msimamizi wa kazi. Sheria ya Wisconsin iliruhusu adhabu kwa aliyepuuza haki za mwingine kwa makusudi. Upande wa kampuni ulisema: hatukukusudia kumdhuru mtu. Ni kweli, na hakuna aliyedhani vinginevyo. Mahakama ya Juu ilieleza kwamba si lazima mtu awe amekusudia madhara yale yaliyotokea. Inatosha alijua kwamba anachofanya kwa hakika kubwa kitaikanyaga haki ya mwingine, na akaendelea. Na haki iliyokuwa mezani ilikuwa ya kawaida kabisa, haki ya mfanyakazi kutowekwa kwenye hatari ambayo mwenye uamuzi anaijua.

Mimi naona hapo ndipo sheria ilipoikaribia hali halisi ya saiti. Karibu kila ajali ya mzigo ina msimamizi mwema ambaye hakumtakia mtu mabaya. Wema wake haujibu swali la kwa nini aliendelea baada ya kuambiwa upepo umezidi.

Kanuni zilizokuja baadaye

Marekani iliandika upya kanuni zake za kreni kwenye ujenzi mwaka 2010, zikaanza kutumika Novemba mwaka huo. Zilitokana na ajali nyingi, si hii peke yake, lakini ukizisoma ukiwa na Milwaukee kichwani utaona kila kifungu kinagusa kidonda. Wajibu wa kuhakikisha ardhi inafaa umewekwa kwa anayesimamia eneo zima. Mwenye kreni haambiwi tena kwamba tope la saiti ni juu yake. Mtu mwenye ujuzi lazima arekebishe kazi kulingana na upepo. Opareta amepewa kwa maandishi mamlaka ya kusimama na kukataa mzigo pale anapokuwa na wasiwasi, mpaka mtaalamu athibitishe usalama. Na opareta analazimika kutii ishara ya kusimama bila kujali nani ameitoa.

Kifungu hiki cha mwisho nakipenda kuliko vyote. Ishara nyingine zote, pandisha, teremsha, zungusha, hutolewa na mtu mmoja aliyeteuliwa, ili opareta asichanganyikiwe. Ile ya kusimama tu ni ya kila mtu. Mkono unanyooshwa usawa wa bega, kiganja kikitazama chini, unapelekwa mbele na nyuma. Kwa dharura mikono yote miwili. Mbeba zege anayeona slingi, yaani kamba ya kufungia mzigo, imechanika ana haki ileile ya mhandisi. Saiti ambayo haijawafundisha vibarua wake ishara hiyo imewanyima breki iliyo karibu nao zaidi.

Lakini ishara haifanyi kazi kama anayeitoa anajua kesho hatapewa kibarua. Sheria ya Kenya ya 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inamzuia mwajiri kumrudisha mahali pa hatari kabla hajaiondoa. Kwa fundi wa kudumu kifungu hicho kina meno. Kwa anayelipwa jioni kwa jioni, ulinzi wake wa kweli ni tabia ya msimamizi: siku opareta alipokataa mzigo na ikaonekana baadaye upepo ulikuwa wa kawaida, alifanywa nini? Kama alitukanwa mbele ya wenzake, saiti nzima imepata jibu.

Mwaka 2015, tarehe 11 Septemba, upepo ulirudi kwa namna nyingine. Kreni kubwa iliyokuwa kwenye upanuzi wa Msikiti Mtakatifu wa Makka iliangukia mahujaji, watu zaidi ya 100 wakafa. Pale hakukuwa na mzigo hewani, hata kazi haikuwa ikiendelea. Kamati ya uchunguzi ya Saudia ilieleza kwamba bumu lilikuwa limeachwa wima, kinyume na maelekezo ya mtengenezaji, ambaye alitaka lilazwe kreni isipotumika au upepo mkali ukija. Tena ni sharti lililokuwa kwenye kitabu. Tena ni kazi ndogo ya kuamua, iliyokosa mtu wa kuiamua.

Kwa anayeandika kibali cha kunyanyua mzigo kesho asubuhi, ningependa kuona mambo haya kwenye karatasi moja: kasi ya juu ya upepo kwa mzigo ule, iliyopatikana kwa kupima upana wake, si ile ya jumla ya kreni, mahali kipima upepo kilipo na nani anakisoma, jina la mtu mmoja, si cheo wala kampuni, anayeongoza mnyanyuo wote kuvuka mipaka ya mikataba, na eneo ambalo bumu lingefagia likilala, likiwa limechorwa, na jibu la kwa nini kila mtu aliyemo humo yumo. Kama mtu hawezi kutolewa humo, mpango urudi mezani kabla slingi haijafungwa.

Miller Park ilifunguliwa Aprili 2001, mwaka mmoja baada ya tarehe iliyokuwa ikikimbiliwa.